Ukuta wa Nne

Chumba changu Mabatini kina kuta tatu za tofali.
Wa nne ni jiwe.
Fundi Lushinge alipoufikia mwamba
hakutafuta baruti. Aliupapasa
kama mtu anayepapasa ng'ombe mnadani,
akasema, "Huu umekwisha kusimama. Tuuegemee."
Nikamlipa pesa ya kuta tatu.

Na bado, miezi minane, chini ya mwamba huohuo,
nilijenga programu yangu kama mtu asiye na jirani:
nikachonga pochi ya kidijitali, mlango, bawaba, hadi msumari,
nikaandika mkataba unaojitekeleza wenyewe,
mistari elfu mbili, feni ikilia, umeme ukikatika,
na leja isiyo na bwana ikinisubiri
ndani ya kompyuta za watu nisiowajua.

Nikashuka nayo Mwaloni, Kirumba.
Nikamwambia Bi Nyangeta: andika maneno haya kumi na mawili,
yakipotea hakuna ofisi, hakuna meneja, hakuna wa kumlilia.
Akayaandika ubavuni mwa gunia.
Gunia likapanda lori la Bukavu kabla ya saa nne.
Jumapili simu yake ikatumbukia majini.

Elfu sitini. Nilimlipa kutoka mfukoni mwangu.
Akazihesabu, akanitazama
kama anavyotazamwa mtoto aliyevunja chungu cha watu.
"Njoo Jumatano," akasema. "Uone sanduku letu."

Sanduku la chuma, kijani kilichobabuka.
Kufuli tatu. Funguo kwa wanawake watatu
wasiolala nyumba moja, wala mtaa mmoja:
Kitangiri, Igombe, Nyakato.
Kila hisa inatajwa kwa sauti,
na kila aliyeketi anaiweka kichwani,
hivi kwamba daftari likiungua
hesabu itabaki imekaa palepale,
imevaa kitenge, inakunywa uji.

Nilicheka mpaka wakaniuliza kama naumwa.

Usiku ule nikaanza kufuta.
Nikafuta pochi yangu, nikaegemea ya wengine
iliyokwisha kupigwa na dhoruba isianguke.
Nikafuta yale maneno kumi na mawili:
sasa ni simu tatu, wawili wakikubali pesa inatoka,
aliyepoteza yake wenzake wanamrudisha ndani.
Ada ya mtandao nikaitoa machoni pao;
naitanguliza mimi, mkataba unanirudishia.
Ikabaki mistari mia na kumi na minane.
Sijawahi kujivunia kitu
kama ile niliyoiua.

Na kula yangu je?
Kijana mmoja alitaka tutoe sarafu,
tuipe jina la samaki, tuiuze kabla haijapata kazi.
Nikamwambia samaki huuzwa akishavuliwa.
Nilidai shilingi thelathini kwa gunia,
nikaiandika juu kabisa, kwa Kiswahili, isijifiche.
Bi Nyangeta akaisoma, akabisha. Ishirini na tano.
Gunia likilipwa, mkataba hugawa:
mwenye dagaa, mwanikaji, mbebaji, sanduku,
mimi wa mwisho,
kabla dalali hajamaliza kukohoa.

Siku ya kwanza, mia sita sabini na tano.
Chapati na chai ya rangi pale Mlango Mmoja.
Kisha mbalamwezi, dagaa hawavuliwi:
sifuri, sifuri, sifuri, zimepangana kama mayai.
Mwezi ukafa. Taa zikarudi ziwani.
Jana yalipita magunia elfu moja na mia nne,
nami sikugusa kitufe hata kimoja.

Leo mvua. Mwamba umesimama vilevile,
tofali zimesimama vilevile,
ila pale tofali linapokutana na mwamba
panavuja.
Nimeweka beseni.
Nimechukua kompyuta, nimekaa hapohapo.